Ugonjwa wa Ng'ambo na Mfuko wa Nyumbani

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ndalu



Kamati imetupa kazi ya kusema juu ya afya ya watoto wetu walio ng'ambo, na juu ya gharama ya matibabu yao. Twajua kwamba wengine wamekuja leo kwa ajili ya hesabu za fedha na habari za barabara, nao watasikia hayo baadaye. Lakini twaomba masikio yenu kwanza, kwa kuwa mwishoni tutawaombeni kura.

Wazee wengi walioketi mbele, au baba zao, walihamia Ndalu katika miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipokatwa na kugawiwa wananchi. Walijua maana ya kushikwa na homa mahali usipo na shangazi wala mjomba. Na kabla ya hapo wako waliokwenda kufanya kazi Nairobi, Kampala na Mombasa, na ni kwa ajili ya watu wa namna hiyo vyama vya ustawi vya Waafrika vilianzishwa mijini: kumtafutia mgonjwa nauli ya kurudi kwao, na kumzika kwa heshima aliyefia ugenini. Basi kazi tunayoizungumza si mpya. Kilichoongezeka ni umbali. Kijana wa siku hizi aondokaye hapa kwa matatu ya Kitale huenda akalala siku ya tatu Minnesota, au Riyadh, au London.

Desturi yetu juu ya mauti ni nzuri, nasi hatutaki iguswe. Habari ya kifo ikifika, jioni ile ile watu hukusanyika, daftari hufunguliwa, na hata asiye na kitu huleta kuku. Kumrudisha maiti kutoka Marekani mara nyingi hupita shilingi milioni moja, na fedha hizo hupatikana. Lakini habari ikija kwamba mtoto wa fulani amelazwa huko, twasema, "Mungu atamponya," kisha kila mtu hurudi katika mahindi yake. Si kwa ukatili. Ni kwa sababu twadhani kwamba mtu aliyefika Ulaya au Marekani amefika penye madaktari wote wa dunia, na kwamba ugonjwa huko si shida.

Madaktari wako, hilo ni kweli. Tena mauti hayachagui mahali wala cheo: Makamu wa Rais, marehemu Michael Kijana Wamalwa, jirani yetu wa Kitale, alifariki London katika hospitali ya Royal Free tarehe 23 Agosti 2003, naye alikuwa na Serikali nzima nyuma yake. Msichana wetu afuaye nguo katika nyumba ya watu Jeddah hana Serikali nyuma yake mlangoni. Ana simu tu, na wakati mwingine hata hiyo hunyang'anywa.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa huko ndiko hesabu huwashinda wengi. Nchi ile haina bima moja ya Serikali kwa watu wote. Medicare, iliyotungiwa sheria mwaka 1965, ni ya wazee wa miaka 65 na zaidi, na walemavu kadhaa. Medicaid, ya mwaka huo huo, ni ya maskini. Wengine wote hutegemea bima ya mwajiri au hujinunulia wenyewe. Mhamiaji mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, ile iitwayo grini kadi, kwa kawaida hungoja miaka 5 kabla ya kukubaliwa katika Medicaid, kwa sheria ya mwaka 1996, ingawa majimbo mengi huwaondolea watoto na wajawazito kungoja huko. Na hata aliye na bima hulipa kwanza fungu lake kutoka mfukoni, pengine maelfu ya dola, kabla bima haijaanza kulipa. Kijana huona kadi ya bima katika pochi yake akadhani amekingwa. Siku ya kuvunjika mguu ndipo ajuapo maana ya maandishi madogo.

Wengi wa watoto wetu huko hufanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani. Wanawaosha, wanawalisha, wanahesabu vidonge vyao. Baadhi yao huajiriwa na mawakala kwa saa, saa zisizotosha kupewa bima, na hivyo yule ashikaye chupa ya dawa ya mwenzake mchana kutwa hana daktari wake mwenyewe. Shinikizo la damu humla kimya kimya. Anajua dalili zote, maana amefundishwa, lakini husema, "Nitakwenda mwezi ujao," kwa sababu mwezi huu kuna karo ya mdogo wake katika sekondari na mabati ya nyumba ya mama.

Hapo, Wazee wetu, ndipo jambo hili lituhusupo sisi wa nyumbani. Kila shilingi iombwayo hapa hutoka mahali fulani kule, na mara nyingi hutoka kwenye dawa na kwenye usingizi. Hatusemi watoto wasisaidie wazazi. Twasema mzazi apigapo simu aulize kwanza, "Umepimwa lini?" kabla hajataja mbolea.

Ziko njia ambazo watu wetu hawazijui, nasi twataka ziandikwe katika kitabu hiki ili kila mwenye mtoto ng'ambo ampelekee. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1986, hospitali yenye chumba cha dharura ipokeayo fedha za Medicare, nazo karibu zote huzipokea, haina budi kumpima kila afikaye na kuituliza hali yake ya hatari, awe na fedha au asiwe nazo, awe na karatasi au asiwe nazo. Hati ya malipo itakuja baadaye, ndiyo. Lakini mtu asife mlangoni kwa kuogopa hati. Hati ikija, asiitupe wala asiilipe kwa kadi ya mkopo kwa hofu. Aombe iandikwe kitu kwa kitu, maana makosa hupatikana humo. Kisha hospitali zile zisizo za kufanya faida zimelazimishwa kwa sheria ya mwaka 2010 kuwa na mpango wa kuwapunguzia wasiojiweza, na mgonjwa ana siku 240 tangu hati ya kwanza baada ya kutoka hospitali kupeleka maombi. Wengi hulipa au hukimbia mji bila kujua neno hili. Kadhalika viko vituo vya afya vya jamii, vilivyoanza mwaka 1965, ambavyo hutoza kwa kadiri ya kipato cha mtu. Na mama asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo katika hospitali zinazopata fedha za serikali kuu. Mkalimani wa Kiswahili hupatikana kwa simu.

Neno moja juu ya wazazi wanaoalikwa kwenda kuwatembelea watoto. Ni heshima kubwa, na picha zake tumeziona. Lakini mzee mwenye kisukari aendaye miezi 6 kwa ruhusa ya utalii hana Medicare wala Medicaid, na bima za wasafiri mara nyingi hukataa kulipia ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kusafiri. Hata akipewa grini kadi na mwanawe, kama hakufanya kazi huko, hawezi kuinunua Medicare mpaka akae miaka 5. Kulazwa kwake siku chache kwaweza kummaliza mwana aliyemwalika. Basi apimwe kabla hajapanda ndege, achukue dawa za kutosha na karatasi ya daktari, na bima yake isomwe kabla ya kulipiwa.

Uingereza mambo ni tofauti. Huduma ya afya ya taifa ilianza tarehe 5 Julai 1948, na daktari wa kawaida hadai malipo. Hata hivyo mhamiaji hulipa ada ya afya pamoja na viza yake: mwaka 2015 ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima, inayolipwa ya miaka yote kwa mkupuo kabla ya kuondoka hapa. Familia ya watu wanne ifanye hesabu yenyewe. Wauguzi na wengine wenye viza ya kazi za afya husamehewa, na ni vizuri kulijua hilo kabla wakala hajakudai "ada ya hospitali". Mgeni wa matembezi, akilazwa, hutozwa mara moja na nusu ya gharama. Na deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa laweza kumnyima viza siku nyingine.

Katika nchi za Waarabu shida si hati ya malipo. Shida ni ruhusa. Msichana hupimwa sana kabla ya kuondoka, kifua, damu na mimba, lakini akishafika, kwenda kwa daktari hutegemea mwajiri wake. Dubai humtaka mwajiri kumkatia bima mfanyakazi, na Saudia kanuni za watumishi wa nyumbani humtaka mwajiri amtibu. Kanuni ni kitu kimoja, na mlango uliofungwa ni kitu kingine. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliarifu Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudia katika muda wa miaka kama miwili, na juu ya wengi wao iliandikwa kwamba moyo ulisimama. Moyo wa msichana wa miaka 25 hausimami bure. Twasema tu kwamba mzazi aliyeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza tena.

Yako pia maradhi tunayowapa wenyewe kutoka huku. Nchi yetu ya magharibi ina malaria, na ina ugonjwa wa selimundu katika nyumba nyingi. Baridi kali huamsha maumivu ya selimundu. Mwenye ugonjwa huo ajue kabla ya kuchagua Minnesota. Na ashikwaye na homa baada ya kurudi huko kutoka likizo ya Krismasi amwambie daktari waziwazi, "Nimetoka nchi yenye malaria," kwa sababu daktari wa huko huenda hajaiona hata mara moja. Wajukuu waliozaliwa huko hawana kinga yoyote. Walale ndani ya chandarua wakija, hata nyanya akisema mbu wa Ndalu ni wachache.

Sasa tuje kwenye kura. Kamati yapendekeza sehemu ya mchango wa kila mwezi itengwe iwe mfuko wa wagonjwa, wa nyumbani na wa ng'ambo pamoja, nao walio ng'ambo wachange humo. Mzee mmoja ametuuliza kwa haki kabisa: mkulima wa magunia ishirini atamlipiaje hospitali mtu apokeaye dola? Jibu letu ni kwamba hatamlipia. Hati moja ya Marekani ingemeza mahindi ya kata nzima. Mfuko ni wa mambo ambayo twayaweza: kodi ya chumba ya mwezi mmoja kwa aliyekosa mshahara kwa ugonjwa, nauli ya kumrudisha angali hai, nauli ya mzazi kwenda Nairobi kuuliza wizarani. Tikiti ya mgonjwa akaaye kitini hupungua sana kuliko gharama ya sanduku.

Pamoja na hayo, walio ng'ambo walipie wazazi wao bima ya hapa. Mfuko wa zamani wa NHIF, ulioanza mwaka 1966, ulikoma, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imeshikwa na SHA. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima mara moja. Mama akilazwa Kitale au akipelekwa Eldoret kabla ya kulipiwa, simu ya usiku wa manane itakwenda kwa yule yule mtoto asiyekwenda kupimwa.

Katibu ana daftari jipya mezani. Twaomba kila nyumba iandike jina la mtu wake aliye ng'ambo, mji wake, mwajiri wake, nambari ya pasipoti, na kama ana bima au hana. Wanaopinga kutengwa kwa fedha waseme sasa, kisha tutahesabu mikono.