Saa mbili ikifika, mgeni asikatwe kauli



Leo nazungumzia jambo mnalolisikia karibu kila siku bila kulitia maanani, nalo ni kule kujiunga: redio ya wilayani inapoacha matangazo yake na kujiunga na Dar es Salaam kwa taarifa ya habari ya saa 2 usiku.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Masoko, kule Rungwe, karibu na Ziwa Kisiba. Ameitwa studio mjini Tukuyu aeleze bei ya maparachichi. Amesalimia, ameshukuru, amezunguka kidogo kama ilivyo ada ya wazee, na sasa ndiyo kwanza anasema, "Bei tunayolipwa msimu huu ni..." Hapo hapo anafunikwa na Dar es Salaam. Majirani zake waliokaa kumsikiliza hawakuipata ile bei, na ndiyo waliyoingoja.

Wako mafundi mitambo wenye huruma, wanaomwacha mzee amalize. Hao nao hujiunga wakati muhtasari umekwisha kusomwa, na Masoko wanasikia "...amesema Waziri huyo," wasijue ni waziri gani.

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam taarifa ya habari ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule msanii asiyeona. Ngoma zile zilikuwa na faida moja isiyotajwa sana: aliyechelewa kujiunga alikosa ngoma, hakukosa habari.

Wenzetu wa televisheni wamelifanyia kazi jambo hili siku nyingi. Ujerumani, vituo vya majimbo vilivyo chini ya ARD hutangaza habari za kwao kuanzia saa 1:30 usiku, na ifikapo saa 2:00 kamili vingi hujiunga na taarifa ya kitaifa, Tagesschau, iliyoanza mwaka 1952. Mtangazaji wa jimboni huaga mapema, kisha kengele inalia. Uingereza mambo huenda kinyume: BBC humaliza habari za taifa, ndipo saa 12:30 jioni huwapisha watu wa mikoa. Lakini hata wao, kwa miaka mingi watazamaji wa England waliotumia chaneli ya picha za ubora wa juu walioneshwa tangazo tu, kwamba wahamie chaneli nyingine wakitaka habari za mkoani kwao. Basi tusijidharau kupita kiasi.

Kwetu kuna na hili la setilaiti. Sauti hupanda kilometa 36,000 na kushuka tena, safari ya karibu robo sekunde. Mitambo ya dijitali nayo huongeza sekunde yake, pengine mbili au zaidi. Fundi wa Tukuyu anayetazama saa ya ukutani peke yake atakosea hata akiwa hodari. Hana budi kuisikiliza Dar es Salaam kwenye visikizio kabla hajaifungulia njia, na kuweka muziki usio na maneno, ambao ukipunguzwa taratibu popote haumuudhi mtu. Dar es Salaam nao wakumbuke kwamba wanangojwa. Wakichelewa nusu dakika, nchi nzima huko wilayani inajaza pengo.

Redio husamehewa ukimya wa sekunde mbili. Televisheni haisamehewi. Siku mikoa yetu itakapopewa nusu saa yake kwenye televisheni ya taifa, badala ya ripoti ya dakika mbili kutoka Mbeya, mtazamaji atamwona mzee wa Masoko amebaki kinywa wazi, kisha giza. Ni afadhali tuuzoee utaratibu huu sasa, redioni.

Wala haudai mitambo mipya. Mtangazaji akiona imefika saa 1:57 na mgeni bado ana neno, amwambie hewani: "Baba, tupishe taarifa ya habari, tukirudi utatutajia bei." Na wakirudi, amuulize bei.