AFYA YA WANAUME MAHALI PA KAZI
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi na wakazi wa Mfaranyaki, Manispaa ya Songea)



Katika Kata ya Mfaranyaki, siku ya kazi huanza mapema. Dereva huwasha gari, kuli hubeba magunia ya mahindi, mlinzi hurejea nyumbani baada ya kukesha, na karani hufungua jalada la kwanza. Kila mmoja wao hutazamiwa kuleta riziki, na wengi wamelelewa kuamini kwamba mwanamume hujikaza hata anapoumwa. Imani hiyo yapasa kutazamwa upya, kwani mficha maradhi kilio humfichua.

Shinikizo la damu ni mfano ulio wazi. Huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, hadi siku mhusika anapoanguka kwa kiharusi. Sonona nayo haionekani kwa macho. Kwa mwanamume, mara nyingi hujitokeza kwa sura nyingine: hasira za ghafla, kukosa usingizi, uchelewaji kazini, au unywaji wa pombe kupita kiasi. Mkuu wa kazi asiyelijua hilo huandika barua ya onyo, ilhali lililotangulia kuhitajika ni swali la utu: "Ndugu, hali yako ikoje?"

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo vipatavyo 745,000 duniani katika mwaka 2016, kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo. Asilimia 72 ya vifo hivyo ilikuwa ya wanaume. Hapa nchini, Juni 2018, Serikali ilizindua mjini Dodoma kampeni ya "Furaha Yangu", iliyowahimiza hasa wanaume kupima Virusi vya UKIMWI, kwa kuwa walikuwa nyuma ya wanawake katika kuzijua hali zao.

Sheria haikumsahau mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari anayo likizo ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya 2003 humtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi wake wanapimwa afya. Kwa upande wa Zanzibar, suala hilo husimamiwa na Sheria Namba 8 ya 2005.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa haimfai mtu anayeona haya kuidai. Kwa hiyo, wakuu wa kazi hawana budi kutoa ruhusa ya kwenda kupima bila masimango, na kutunza siri ya mgonjwa. Siri ikivuja mara moja tu kutoka ofisini, hakuna mtumishi mwingine atakayejitokeza.

Wafanyakazi nao wana wajibu kwa wenzao. Aliyeanza kujitenga afuatwe na kusikilizwa. Anayetamka kwamba amechoka kuishi asichekwe, wala asiachwe peke yake. Asindikizwe siku hiyo hiyo hadi kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo hapa Songea.

Baba anayepima afya yake mapema huilinda riziki ya nyumba yake. Kuomba msaada hakumpunguzii heshima. Familia humhitaji akiwa hai na mwenye nguvu.