Mvua, Baisikeli na Mshahara wa Siku

(Maneno waliyoambiwa wanachama katika mkutano wa Wema)



Twafurahi kuona kuwa mmefika wengi. Matope yaliyoganda katika baisikeli zilizoegemezwa pale nje yatuonyesha ya kuwa hakuna aliyefika kwa urahisi. Basi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta neno la kusema leo. Neno lenyewe liko pale nje, limeegemea ukuta.

Twataka kusema juu ya safari ya asubuhi kutoka nyumbani mpaka kazini wakati wa mvua kubwa. Pengine mtu atauliza, "Je, hili nalo ni jambo la chama? Mvua ni ya Mungu." Ni kweli, mvua ni ya Mungu. Lakini mshahara wa siku unaokatwa kwa sababu ya mvua haukukatwa na Mungu. Umekatwa na mtu mwenye kalamu na daftari, na mtu huyo twaweza kukaa naye mezani tukasemezana.

Tuanze na mambo tunayoyajua sote. Huku kwetu mvua ni za misimu miwili, masika ya mwezi wa Aprili hadi Juni, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Lakini mvua inyeshayo Wema siyo yote tunayopaswa kuiangalia. Maji ya mto Tana yatoka mbali, katika mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Huko juu yako mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa yakijaa, maji hupita juu na kushuka, na baada ya siku kadhaa hufika kwetu. Ndiyo maana yaweza kutokea jua linawaka Wema, na mto unafura. Mtu aliyelala njia ikiwa kavu, asubuhi aikuta imekuwa ziwa.

Wazee wetu wayakumbuka maji ya 1961. Wengine twayakumbuka ya El Nino ya 1997 na 1998. Na hata vijana wameyaona ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya masika ya 2024, wakati barabara ya Garsen kwenda Witu na Lamu ilipokatika upande wa Gamba na Lango la Simba, watu wakavushwa kwa mashua mahali ambapo juzi yake mabasi yalipita. Hatuyalaani maji hayo. Ndiyo yaliyowalisha babu zetu mpunga. Lakini mwenye kengele ya kazi ya saa moja asubuhi hawezi kungoja maji yapwe.

Wako watakaosema, panda pikipiki. Ndugu zetu, mvua ikinyesha nauli hupanda, na mwenye kulipwa kwa siku akitoa nauli ya kwenda na kurudi, atabaki na nini cha kuwapa watoto? Kwa hiyo wengi wetu twapanda baisikeli, na siku nyingine baisikeli hutupanda sisi, maana tope la huku likishika gurudumu, huna budi kuinua chombo begani na kwenda kwa miguu.

Sasa tuwape kisa kimoja cha kweli. Hatutaji jina la mwenzetu, wala la mahali alipofanya kazi, kwa maana hatukuja hapa kumwaibisha mtu.

Masika moja, mwenzetu huyu alitoka nyumbani saa kumi alfajiri. Akayakuta maji yamefunika njia. Akangoja mtumbwi, akalipa, akavuka na baisikeli yake, akafika kazini saa tatu, nguo zikimwagika maji. Karani akamwambia, "Siku yako imekwisha kuandikwa. Rudi kesho." Akarudi nyumbani bila senti, na fedha ya mtumbwi imekwisha kwenda.

Kesho yake hakungoja mtumbwi. Alitoka usiku zaidi, akaingia majini akiisukuma baisikeli, kwa kuogopa kuandikwa mara ya pili. Maji yalikuwa yamechimba barabara, na yeye hakuliona shimo. Akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Mungu alimsaidia, wapita njia walimtoa. Alikaa nyumbani majuma sita. Alipopeleka habari kazini akaambiwa, "Hukuumia kazini. Umeumia njiani." Hakulipwa kitu.

Ndugu zetu, linalotuuma zaidi katika kisa hiki si neno la karani. Ni kwamba sisi wenzake tulimpelekea unga na samaki, tukamwombea, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefuatana naye kwenda kwa meneja. Tuliogopa. Na zaidi ya kuogopa, hatukuijua sheria. Basi leo tuijue.

Sheria ya Ajira ya 2007, fungu la 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata mshahara wa siku kwa siku nzima ambayo mfanyakazi hakufika bila ruhusa wala sababu iliyo halali. Yaangalieni sana maneno hayo, "sababu iliyo halali". Tena fungu hilo lasema juu ya siku nzima. Halisemi juu ya mtu aliyefika saa tatu akiwa tayari kufanya kazi.

Fungu la 30 lasema ya kuwa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini, akiugua, ana haki ya kulipwa mshahara mzima kwa siku zisizopungua saba, na nusu mshahara kwa siku saba nyingine, katika kila miezi kumi na miwili, maadamu analeta cheti cha daktari. Haliulizi aliugulia wapi. Basi mwenzetu yule alikuwa na haki ya siku kumi na nne, saba kamili na saba za nusu, na cheti cha hospitali kilikuwa mfukoni mwake! Hakuna aliyemwambia akitoe. Fedha ile ilipotea kwa ujinga wetu sote.

Fungu la 41 lasema ya kuwa mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa makosa, kwanza amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi huyo awe na mwenzake, au mjumbe wa chama wa mahali pale pa kazi, asikilize naye. Kwa hiyo mtu asiingie ofisini peke yake.

Sasa juu ya kuumia njiani. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, ya 2007 pia, yasema ya kuwa mfanyakazi anayechukuliwa kwenda kazini au kurudi kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa safari hiyo, likiendeshwa na mwajiri mwenyewe au mtu wake, ahesabiwa kuwa yuko kazini. Akiumia humo, ni ajali ya kazi. Lakini maneno hayo hayamtaji mwenye kwenda kwa baisikeli yake. Yaani mwenzetu aliyepewa gari yumo, na yule asiyepewa kitu, aliyejinunulia chombo na kukisukuma katika maji gizani, yuko nje.

Msidhani ya kuwa dunia nzima iko hivyo. Ujerumani, ajali ya njia ya kwenda kazini yahesabiwa katika bima ya kazi tangu 1925. Na mwaka 1964 Shirika la Kazi la Kimataifa, mjini Geneva, lilipitisha Mkataba namba 121, unaozitaka nchi zinazoukubali zieleze katika sheria zao ni wakati gani ajali ya njiani ni ajali ya kazi. Basi jambo tunalolitaka si la ajabu. Watu wamekwisha kulipata kabla yetu.

Sheria kuu hubadilishwa Bungeni, nayo huchukua muda. Lakini mapatano baina ya chama na mwajiri twaweza kuyafanya sisi, na yakiisha kusajiliwa mahakamani huwafunga wote wawili. Kwa hiyo twawaletea madai manne, tuyajadili leo, na mkiyakubali, katibu ayapeleke.

La kwanza: Siku ambayo njia imekatwa na maji iandikwe waziwazi katika mapatano kuwa ni sababu halali. Mtu asikatwe wala asiandikwe kosa. Na atakayefika amechelewa apokewe kazi, alipwe.

La pili: Mwajiri atoe gari au mashua wakati wa mafuriko, hata kama ni kutoka mahali pamoja tu ambapo watu waweza kukutana. Hapo, tukiumia katika gari lake, sheria itatulinda.

La tatu: Fungu la 31 la Sheria ya Ajira lamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo mahali pa kazi au karibu napo, au alipe fedha ya kutosha kupanga, isipokuwa pale ambapo fedha hiyo imekwisha kutiwa ndani ya mshahara au mapatano. Kila mmoja wetu aitazame karatasi yake ya mshahara aone kama fedha hiyo imo. Asiyeiona amwambie mjumbe.

La nne: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka pawe na mahali pafaapo pa kuwekea nguo zisizovaliwa wakati wa kazi. Sisi twaomba na pakavu pa kuzianika, na banda la baisikeli. Mtu aliyelowa hawezi kufanya kazi njema kutwa nzima, na mwajiri mwenyewe apata hasara.

Hayo ndiyo ya mwajiri. Sasa tuseme na ya kwetu, maana kidole kimoja hakivunji chawa, na chama si cha kudai tu.

Wako baadhi yetu ambao kukinyesha manyunyu husema mto umejaa. Tuyaache hayo. Siku moja ya uongo hutuharibia siku kumi za kweli. Kila kijiji kiwe na mjumbe mmoja mwenye daftari. Aandike tarehe, mahali njia ilipokatika, saa, na majina ya waliorudi. Mjumbe akiandika ukweli, neno letu litakuwa na uzito mbele ya meneja na hata mbele ya mahakama.

Tusikilize redio. Habari ya mabwawa ya juu kujaa ikitangazwa, tumwarifu msimamizi siku ile ile, kabla maji hayajafika. Tusafiri wawili wawili au zaidi, hasa alfajiri. Njia iliyofunikwa na maji, mtu asiingie kama hauoni mwisho wake. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magoti tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Na mamba na kiboko hawaijui barabara ni ipi na mto ni upi. Radi ikipiga, msijifiche chini ya mti ulio peke yake.

Na baisikeli zetu tuzitunze. Wakati wa tope zito, ilegezeni madigadi ya mbele au iondoeni kabisa, maana udongo hujaa baina yake na tairi na gurudumu husimama. Chukueni kijiti cha kukwangulia. Rimu ikilowa breki haishiki upesi. Basi bonyezeni kidogo kidogo mapema, mpira uyapanguse maji. Msijaze upepo mpaka tairi iwe kama jiwe, kwa maana hiyo huteleza. Mkifika nyumbani, usilale kabla ya kuosha mnyororo, kuukausha na kuutia mafuta. Na baisikeli iliyovushwa katika maji ya kina, ipelekwe kwa fundi afungue gololi aweke grisi mpya. Grisi ni rahisi, gurudumu ni ghali.

Tena tuanzishe sanduku dogo la tawi. Kila mwanachama atie kidogo kila mwezi, ili mwenzetu ambaye tairi yake imepasuka katika masika asikose kazi juma zima kwa kukosa tairi. Haba na haba hujaza kibaba.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza. Yule mwenzetu aliyevunjika bega amepona, na leo yuko pamoja nasi katika mkutano huu. Baisikeli yake ni mojawapo ya zile za pale nje. Hatukuweza kumrudishia fedha yake. Tunaloweza ni kuhakikisha ya kuwa masika ijayo, akisimama mbele ya maji alfajiri, atajua ya kuwa akigeuka nyuma hatapoteza mkate wake, na ya kuwa hatakwenda ofisini peke yake. Mtu anayejua hivyo hataingia majini gizani.

Basi sasa twaomba kila mmoja aseme maoni yake juu ya madai haya manne, kisha tupige kura kwa kuinua mikono. Na kabla hatujatawanyika, kila kijiji kimchague mjumbe wake wa daftari, maana mawingu tumekwisha kuyaona.

Umoja ni nguvu.