MUNGU ANAPONYAMAZA
(Neno la Mwenyekiti, sherehe ya miaka 10)



Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka kumi. Lakini tusiseme ya furaha tu. Wapo kati yetu waliomwombea mtoto mgonjwa, na mtoto akafariki. Wapo wanaoomba mpaka leo, hawajasikia kitu. Kwao Mungu ni kama amenyamaza.

Jamani, kunyamaza siyo kuondoka. Eliya kule Horebu aliona upepo mkali, tetemeko na moto, Mungu hakuwamo. Baadaye ndipo akamsikia, kwa sauti ya chini kabisa.

Tazameni na majirani zetu wa Katumba. Walikimbia Burundi mwaka 1972. Vyeti vya uraia wa Tanzania vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka 42! Katika kungoja huko walilima, walizaa, walisali. Hawakukaa mikono mitupu.

Basi mwenzetu akiwa katika ukimya huo, tusimwambie imani yake ni haba. Neno hilo linaumiza sana, na ndilo linalomfanya mtu aone aibu kuja kikaoni. Twende kwake. Tumchotee maji, tukae naye mkekani, hata bila kusema neno. Akishindwa kununua hisa, tumsubiri. Mfuko wa jamii tuliuweka kwa siku kama hizo.

Pengine Mungu anayemngoja atafika kwake kwa miguu yetu.