Mtu Afikapo Lango la Gereza: Kuandikwa Kwake na Kupangwa Kwake

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya baraza la wanakijiji, Singida)

Wazee wa baraza wameniomba niseme maneno machache juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mpaka limewafika mlangoni, nalo ni gereza. Sikuja kuwatisha. Wala sikuja kuhubiri juu ya ubaya wa wizi, maana hayo mmeyasikia kwa mapadre na masheikh na walimu wenu, nao wayajua kuliko mimi. Mimi ni karani, na mali ya karani ni kalamu na daftari. Basi nitawaeleza habari za kalamu na daftari: mtu afikapo lango la gereza huandikwa nini, hupangwa wapi, na kwa nini yawapasa ndugu zake walioko Sepuka, au Mtinko, au Shelui, kuyajua hayo mapema.

Neno la kwanza ni hili: hapana mtu apokewaye gerezani kwa maneno ya mdomo. Mkuu wa gereza hana ruhusa ya kumwingiza mtu kwa sababu askari amesema ni mwizi, wala kwa sababu mtendaji wa kijiji amekasirika naye. Lazima iwepo hati halali, na hati hiyo hutoka kwa mwenye mamlaka ya kuitoa, ambaye kwa desturi ni hakimu. Ndivyo iagizavyo Sheria ya Magereza, Namba 34 ya mwaka 1967. Mkuu wa gereza huisoma hati, hutazama kama jina lililomo ndilo jina la mtu aliye mbele yake, hutazama sahihi na tarehe. Hati ikiwa na kasoro, mambo husimama hapo langoni mpaka itengenezwe.

Pengine mtu atasema, “Karani, haya ni mambo ya makaratasi tu.” La, si ya makaratasi tu. Nitawaambia habari ya Uingereza ya zamani. Mwaka 1773 bwana mmoja aitwaye John Howard aliwekwa kuwa mkuu wa utekelezaji wa sheria katika jimbo la Bedford, akaenda kutazama magereza yake. Akakuta ya kwamba walinzi wa gereza hawakuwa na mshahara. Waliishi kwa ada walizowatoza wafungwa wenyewe. Hata mtu aliyehukumiwa kuwa hana hatia alirudishwa ndani, akakaa humo mpaka alipe ada ya mlinzi. Howard alizunguka nchi nzima akitazama na kuandika, na mwaka 1777 akachapisha kitabu chake juu ya hali ya magereza. Basi fikirini: mtu hana kosa, hakimu amesema hana kosa, naye yumo ndani, kwa kuwa hapana karatasi iwezayo kumshinda mwenye funguo. Karatasi ile mnayoidharau ndiyo inayomfunga mkono mwenye funguo.

Hati ni za namna mbili zilizo kubwa, nazo zafaa kutofautishwa sana. Iko hati ya mahabusu, na iko hati ya kifungo. Mahabusu ni mtu ambaye shauri lake halijaamuliwa. Amekosa dhamana, au kosa aliloshitakiwa halina dhamana, basi amewekwa. Mfungwa ni yule aliyekwisha kuhukumiwa. Watu wetu huwachanganya hao wawili. Mtu akiisha kupanda karandinga tu, kijijini wamekwisha kumwita mfungwa, na jirani amekwisha kulitamani shamba lake. Sheria haisemi hivyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitishwa. Kwa sababu hiyo mahabusu hulazwa mbali na wafungwa. Aweza kuvaa nguo zake mwenyewe, na kwa ruhusa ya mkuu wa gereza aweza kuletewa chakula na ndugu zake. Hafanyi kazi za wafungwa, ila usafi wa mahali alalapo. Hati yake ina siku ya kurudishwa mbele ya hakimu. Siku hiyo ndugu wa mtu yafaa wawepo mahakamani, hasa wakiwa na la kusema juu ya dhamana.

Hati ikiisha kusomwa, hufunguliwa daftari. Hapo ndipo nitakapokaa kidogo, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Huandikwa jina, umri, kabila au mahali atokapo, dini, kazi yake, kosa lake, mahakama iliyomhukumu, na siku ya hukumu. Hupimwa urefu na uzito. Alama za mwili huandikwa, kama kovu au kidole kilichokatika. Alama za vidole huchukuliwa. Tena huulizwa jina la ndugu wa karibu wa kupelekewa habari. Kisha hupewa namba.

Sasa tazameni jambo la jina. Kwetu Singida mtu mmoja ana majina matatu, manne. Tuseme kijana kanisani aitwa Yohana. Shuleni ameandikwa Yohana Juma kwa jina la babaye. Nyumbani bibi yake humwita Mghanga. Na mnadani rafiki zake wamempa jina jingine ambalo sitalitaja mbele ya wazee. Siku ya kukamatwa, kwa hofu au kwa werevu, alitaja moja. Hilo ndilo lililokwenda kwa hakimu, likaingia katika hati, likaingia katika daftari. Mama yake apanda gari toka kijijini na nauli ya kukopa, afika langoni, amwulizia Mghanga. Askari atazama daftari: hapana Mghanga. Mama arudi nyumbani akilia, adhani mwanawe amekufa. Naye mwanawe yumo humo humo, hatua hamsini toka pale mama aliposimama. Na matamshi nayo! Mnyiramba, Mnyaturu, Msukuma na Mbarabaig, killa mmoja ana ulimi wake, na karani aliyetoka mbali huandika kwa sikio lake. Na sikio la karani, nawaambia kweli, huchoka saa nane ya mchana. Kwa hiyo jueni jina lililotajwa mahakamani, na namba ya shauri, muyaandike mahali. Ukienda langoni na hayo mawili hutarudi bure.

La umri ni zito kuliko la jina. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Shauri lake husikilizwa katika mahakama ya watoto. Aweza kuachwa kwa masharti mikononi mwa wazazi au chini ya afisa wa ustawi wa jamii, au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Haya, lakini nani ajua ya kwamba huyu ana miaka 17 wala si 19? Kijana wa kwetu aliyechunga ng’ombe na kuchimba visima tangu utoto ana mabega ya mtu mzima. Huulizwa, “Umezaliwa lini?” Naye hujibu, “Mama asema ni mwaka ule wa uchaguzi.” Uchaguzi upi? Wa 2005, au wa 2010? Miaka mitano ni mlango mzima wa gereza. Tena wako vijana wajiongezeao miaka kwa kujivuna mbele ya askari. Basi mzazi asikae nyumbani akingoja habari. Achukue cheti cha kuzaliwa. Kama hakuna, achukue kadi ya kliniki. Kama panya wameila, aende kwa mwalimu mkuu kuomba habari za daftari la shule, au parokiani kutazama daftari la ubatizo. Apeleke hayo mahakamani kabla ya hukumu, maana mkuu wa gereza hana mamlaka ya kuitengua hati ya hakimu. Aliyeingia kwa hati ya mtu mzima hupokewa kama mtu mzima, mpaka jambo lake lirudishwe mahakamani.

Baada ya daftari, mtu hupekuliwa. Mwanamume hupekuliwa na mwanamume, na mwanamke na mwanamke. Hilo halina mjadala. Fedha na vitu vyake huhesabiwa mbele yake na kuandikwa kimoja kimoja, naye hutia sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika. Kisha hutazamwa na daktari au mganga wa gereza. Mtu aliye na kikohozi kisichokoma hutengwa apimwe kifua kikuu, maana chumba kimoja chenye watu wengi ni shamba zuri la ugonjwa huo. Mwenye dawa zake za killa siku, za kisukari au za virusi vya UKIMWI, aseme hapo bila haya. Daktari ndiye pia asemaye kama mtu aweza kazi ngumu au nyepesi.

Sasa nije kwenye kupangwa. Kupanga watu ni jambo liwezalo kuwa haki au dhuluma, kwa kadiri ya swali liulizwalo. Wazee wetu walisimulia jinsi wakati wa Wadachi wafungwa walivyofungwa mnyororo mmoja shingoni, mkubwa na mdogo, mwuaji na mtu wa kosa dogo, wakaenda hivyo hivyo kazini. Hapo hapakuwa na mpango wo wote. Baadaye, wakati wa Waingereza, mpango ulikuwapo, tena mwaka 1931 idara ya magereza ya Tanganyika ilitengwa na ya polisi. Lakini swali mojawapo lililoulizwa lilikuwa la rangi. Chakula cha mfungwa kilipimwa kwa taifa lake: Mzungu chake, Mhindi chake, Mwafrika chake.

Afrika Kusini jambo hilo lilizidi. Mwaka 1964 Nelson Mandela alipofikishwa kisiwa cha Robben baada ya kuhukumiwa kifungo cha maisha, alipewa namba 466/64, maana yake mfungwa wa 466 katika mwaka huo. Yeye na wenzake Waafrika walipewa suruali fupi kama za watoto; Ahmed Kathrada, aliyehukumiwa pamoja nao, alipewa suruali ndefu kwa kuwa ni Mhindi. Wote waliwekwa daraja la D, la mwisho, ambalo mtu wake aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja katika miezi sita. Hukumu moja, siku moja, na tofauti ya suruali! Ndipo mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipozitengeneza upya kanuni zake za mwaka 1955 juu ya wafungwa, ukaziita kwa jina la Mandela. Kanuni ya 7 yakataza kumpokea mtu bila hati halali, na ya 11 yaagiza watu watengwe kwa kutazama kama ni wanaume au wanawake, umri wao, makosa yao ya nyuma, na sababu ya kuwekwa kwao.

Hayo ndiyo maswali ya haki. Swali la makosa ya nyuma lina asili yake: Uingereza, mwaka 1879, wafungwa wa kosa la kwanza walianza kutengwa na wazoefu, wakavikwa nyota nyekundu kofiani na mikononi, wakaitwa daraja la Nyota. Desturi hiyo ilivuka bahari ikaingia katika kanuni za magereza ya Afrika Mashariki. Faida yake mwaiona: kijana aliyeiba kuku Ikungi akilazwa pamoja na mvunjaji maduka mwenye vifungo vinne, atatoka na elimu ambayo hakuingia nayo. Sitawaficha, magereza yanapojaa, mpango huu ndio wa kwanza kuharibika. Ukuta haupanuki kwa kuwa kanuni ni nzuri.

Wa vifungo virefu au wa hatari huhamishiwa magereza makuu, kama Isanga la Dodoma au Uyui la Tabora. Wengine hupelekwa magereza ya kilimo. Mwanamke hukaa upande wake chini ya askari wanawake, na mwenye mtoto anyonyaye aweza kuingia naye, mtoto akitunzwa kwa gharama ya serikali. Mtoto akiisha kuachishwa ziwa hutafutwa ndugu wa kumchukua. Wanaume wa ukoo, nawaomba: barua ya namna hiyo ikija, msiitie mfukoni mkasema ni mambo ya wanawake.

La mwisho ni tarehe. Siku ya kwanza kabisa, karani wa gereza hupiga hesabu ya siku ya kutoka. Kwa sheria ile ya 1967, aliyefungwa zaidi ya mwezi mmoja aweza, kwa kazi na mwenendo mwema, kupunguziwa theluthi moja. Mtu wa miezi tisa atoka kwa miezi sita. Mfungwa na aulize tarehe yake, na awaambie ndugu zake wamjiapo. Siku hiyo hurudishiwa fedha na vitu vyake kwa kufuata orodha ile ile aliyoitia dole gumba. Wala asidanganywe mtu na wapita njia wakaao karibu na lango: hapana ada ya kupokewa, wala ya kuandikwa, wala ya kutolewa. Mwenye swali na aulize.