Gari Zito Asubuhi: Lipimwe Kwanza, Spea Baadaye



Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa magari unaowatia watu wengi hasara: gari kukosa nguvu injini ikiwa bado baridi. Unaliwasha asubuhi, linawaka. Unatia gia na kukanyaga mafuta, lakini gari linasita, linakohoa, linajikokota. Ukishakwenda kilometa tatu au nne linachangamka, kana kwamba halikuwa na lolote.

Jambo hili si la kuchekea. Dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kuu hutegemea gari limwitikie mara moja. Likisita katikati ya njia huku basi linakuja kwa kasi, hapo suala si petroli tena, ni roho za watu.

Nasikitika kusema kwamba dawa inayotolewa katika gereji nyingi ni ya kubahatisha. Leo plagi mpya, wiki ijayo pampu ya petroli, mwisho wa mwezi nozeli. Mwenye gari analipa kila mara na ugonjwa uko palepale. Mganga anayetoa dawa bila kumpima mgonjwa tunamkimbia. Sijui kwa nini fundi wa namna hiyo tunamvumilia.

Tuanze na asili ya mambo. Petroli ikiwa maji haiwaki vizuri. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hubaki matone matone, haigeuki mvuke. Kwa hiyo injini baridi huhitaji petroli zaidi. Magari ya zamani yenye kabureta yalifanya kazi hiyo kwa choki. Magari ya siku hizi yana sensa inayopima joto la maji ya injini na kuiarifu kompyuta. Sensa hiyo ikidanganya, ikasema maji ni ya moto wakati ni baridi, kompyuta hubana petroli na gari husita. Mtu akibadilisha plagi kwa ugonjwa huo, anamtibu jino mtu anayeumwa tumbo.

Basi kabla ya kununua chochote, jiulize maswali mawili.

Swali la kwanza: uzito huo unakwisha injini ikipata moto? Kama unakwisha, mwambie fundi aanze na sensa ya joto, au choki kama gari ni la kabureta. Kisha atazame mipira na gasketi zinazovuja hewa, plagi zilizokwisha, na oili. Oili nayo ina maneno yake. Katika alama kama 5W-30 au 20W-50, namba iliyo mbele ya herufi W inahusu hali ya baridi. Ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi asubuhi. Injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 ukiipa 20W-50, unaifanya ikoroge uji. Fuata kitabu cha gari lako.

Kama uzito haukwishi hata injini ikiwa moto, ugonjwa uko kwingine: chujio la hewa au la mafuta limeziba, ekzosi imeziba, klachi inateleza, au breki zinashika. Tena usisahau mwinuko. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Gari lisilo na taba litapungukiwa nguvu huko hata likiwa zima kabisa.

Swali la pili ndilo muhimu zaidi: je, injini yako inapata moto kweli? Hapa ndipo penye balaa. Kuna kifaa kidogo kiitwacho thamostati. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa magari mengi kati ya digrii 82 na 88. Mafundi wetu wengi, gari likichemsha mara moja tu, hukitoa na kukitupa. Wanasema, “Mzee, hiki ni cha nchi za baridi, sisi huku kwetu ni joto.”

Wasikilizaji, hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Joto la Dar es Salaam la digrii 32 kwetu ni jasho, lakini kwa injini inayotaka digrii 85 ni baridi tupu. Ukitoa thamostati, injini huchelewa kupata moto, na Njombe mwezi wa Julai huenda isipate kabisa. Kompyuta huendelea kuipa petroli ya asubuhi mchana kutwa. Plagi hujaa masizi, petroli huchuruzika mpaka kwenye oili, na gia za otomatiki katika magari mengi huchelewa kupanda ile ya mwisho. Na katika injini kadhaa, kukiondoa huwapa maji njia ya mkato, yasipite kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi!

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa baridi, liwashe gari nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyonusa na huua. Gusa mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni, wala usifungue mfuniko. Mpira ubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto ghafla. Ukianza kupata vuguvugu taratibu tangu mwanzo, thamostati imekwama wazi, au haimo.

Kwa hiyo nawaomba: fundi akikwambia leta spea, muulize amepima nini na ameona nini. Akiwa na jibu, mlipe. Kupima ni kazi na ina ujira wake. Akiwa hana, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.

Nawatakia safari njema.