Ankara ya Maji

Maji tunayoyatumia Dar es Salaam, ambayo aghalabu hutoka mto Ruvu, husafishwa kwa dawa, husukumwa kwa mitambo ya umeme usiku na mchana, kisha hupita katika mabomba marefu hata yakafika majumbani mwetu. Na kwa kuwa maji yenyewe ni rehema ya Mwenyezi Mungu, gharama za kazi hiyo ndizo tunazodaiwa katika ankara ya kila mwezi. Kuilipa ni wajibu, wala sina shaka katika hilo.

Lakini ankara iliyokadiriwa tu, pasipo dira ya maji kusomwa, humdhulumu mjane anayehesabu senti zake, na jambo hilo halistahamiliki. Uniti moja ni lita 1,000: atoaye namba ya mwezi uliopita katika namba aionayo leo kwenye dira yake, hujua kwa yakini kiasi alichotumia. Ankara isipolingana na kiasi hicho, malalamiko yasiyotatuliwa na mamlaka ya maji hupelekwa kwa mdhibiti wa huduma za maji, EWURA, ambayo ndiyo huidhinisha bei.

Basi, ndugu zangu, someni dira zenu kabla ya kulipa. Na mamlaka nazo zizisome dira hizo kila mwezi, nyumba kwa nyumba.